Muulize Mama Ushirika: Mwenyekiti asiye na ufunguo

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: kiongozi mzuri ni mtu wa namna gani hasa? Labda ni kwa sababu vikundi vingi vya kuweka na kukopa vimetoka kugawana akiba na kuchagua kamati mpya, labda watu wamechoka tu. Nimechukua barua nne. Ambaye hataiona yake asinune, zamu itafika.

*

*Shikamoo Mama. Mimi nauza mitumba hapa Morogoro. Kikoba chetu kina wanachama 24. Mwezi uliopita tumegawana, tukafanya uchaguzi, na mimi ambaye wala sikujinadi nikapewa uenyekiti. Sauti yangu ni ndogo na aibu ninayo. Mwenyekiti aliyepita alikuwa mkali, akikohoa tu kikao kizima kimya. Mume wangu ananicheka, anasema watanipanda kichwani. Mwenyekiti anatakiwa awe na sifa zipi? Nijifunze ukali?*
*Mwenyekiti wa Kusukumwa, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na hongera. Baba watoto mwache acheke, mwenyewe atakuja kukuomba umwombee mkopo, na hapo ndipo tutaanza kuzungumza habari za uongozi.

Nimefanya kazi ya ushirika miaka 30. Nilimaliza Chuo cha Ushirika Moshi mwaka 1984, wakati vyama vilivyokuwa vimefutwa vinarudishwa, nikapelekwa vijijini na baiskeli ya ofisi ambayo breki yake ilikuwa kiatu changu. Wenyeviti nimewaona wa kila aina. Wapo waliokuwa na sauti ya kumwita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na mahesabu yao hayakupata kukaa sawa hata msimu mmoja. Ukali wao ulikuwa na kazi yake: uliwafanya watu waogope kuuliza.

Ninayemkumbuka zaidi alikuwa mzee mmoja mfupi, mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa, yaani ushirika wa wakulima wenyewe, anaongea kama anasali. Ilikuwa msimu wa 1987. Siku ya kupima, foleni imefika barabarani, naye amepanga gunia lake humo humo katikati ya watu. Karani wa mizani alikuwa kijana wa kumzaa, ana wiki ya tatu kazini. Ilipofika zamu ya mzee, yule kijana akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa punje mbili, akaziuma. Akazitema. Akasema, kwa kuogopa, "Mzee, haijakauka vizuri." Foleni nzima ikageuka. Mimi mwenyewe nilitazama chini, maana nilijua mwenyekiti akisema "pima" itapimwa, na kuanzia hapo kila mwenye kahawa mbichi atasema mbona ya mwenyekiti ilipokelewa.

Mzee akachukua punje moja, akaiuma na yeye. Akatafuna kidogo. "Kweli," akasema, "naanika." Akainama, vijana wakamtwisha gunia lake, akarudi nalo kwake mlimani. Alirejea siku ya tatu, akasimama nyuma ya foleni. Sijamsikia akitoa hotuba juu ya ubora wa kahawa, wala msimu ule sikuona mtu mwingine akigombana na karani.

Sasa tuje kwenye sanduku lenu. Nadhani mnatumia lile la chuma la kufuli tatu. Umewahi kujiuliza kwa nini funguo zinashikwa na watu watatu ambao hawamo kwenye kamati? Mtunza sanduku analala na sanduku uvunguni lakini hana ufunguo. Wenye funguo hawana sanduku. Wahesabu fedha wanahesabu mbele ya macho ya watu wote, hawahesabu chumbani. Na mwenyekiti, mkubwa wa wote, hana kitu mkononi. Aliyebuni utaratibu huo alimjua binadamu vizuri, na kwa maoni yangu alimpa mwenyekiti zawadi kubwa kuliko posho.

Nakwambia zawadi kwa sababu hii. Haitapita miezi miwili kabla hujapigiwa simu usiku. Atakuwa wifi yako au shoga yako wa sokoni: "Mwenyekiti, mtoto amerudishwa shule, nitolee laki moja tu, Jumamosi narudisha kabla ya kikao." Mkali atafoka na kuharibu udugu. Mpole asiye na msimamo atazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wenye funguo. Wewe utasema kwa sauti hiyo hiyo ndogo: "Wifi, mimi ufunguo sina. Njoo Jumamosi, mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana shida, upo, tutakusikiliza." Basi. Na kama mna desturi ya "tumuamini tu mwenyekiti ashike na ufunguo mmoja, yuko karibu", ikatae kikao chako cha kwanza. Ukiweza kukataa kuaminiwa namna hiyo, mengine nitakuamini mimi.

Najua siku hizi vikundi vingi vimehamia kwenye simu. Sina ugomvi na simu. Ila nauliza swali lile lile: namba ya siri anayo nani? Ikiwa yote iko kichwani mwa mtu mmoja, hilo si sanduku la kikundi, ni pochi yake ambayo nyinyi mnaijaza.

Kuhusu aibu, usianze na hotuba, huiwezi na hakuna aliyeiomba. Anza na salio. Kabla sanduku halijafunguliwa, waulize wanachama: "Kikao kilichopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wajibu wao, si katibu. Halafu funguo zije, wahesabu fedha wahesabu, tuone kama kilichomo ndicho kilichosemwa. Baada ya hapo aliyekuja na mdomo mrefu ataupunguza mwenyewe, maana amesikia fedha zimetimia. Kisha waite kwa namba zao wanunue hisa, mhuri ugongwe kwenye vitabu, mwendelee. Nimeona vikundi ambavyo mwenyekiti hasemi maneno mia kwa kikao kizima na hakuna kitu kinapotea.

Na faini. Faini ndiyo itakupima. Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilichaguliwa mwenyekiti wa kikundi mtaani kwangu, maana walisema mama amesomea. Kikao cha nne nikachelewa dakika ishirini kwa sababu ya mgeni. Nikaingia, nikakaa, nikafungua kikao kama kawaida. Binti mmoja anayeuza mihogo, mdogo kuliko wajukuu wa rafiki zangu, akanyoosha mkono: "Mama, samahani, faini ya kuchelewa ni shilingi 500." Nilitaka kusema mimi nilikuwa na mgeni. Nilitaka kusema mengi. Nikatoa 500 nimenuna, na nilinuna mpaka jioni, nakiri. Wiki iliyofuata watu wote 20 walifika kabla ya saa kumi. Kwa hiyo ukichelewa, lipa kabla hujaombwa, na kama inawezekana usinune kama mimi.

Ukali usijifunze. Sauti yako inatosha kuuliza salio.

*

*Shikamoo Mama Ushirika. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza. Kijiweni tunabishana kila siku. Mwenzangu anasema kiongozi anayejiuzulu ni mwoga, amekimbia vita, kiongozi wa kweli anakaa hapo hapo mpaka kieleweke. Mimi nasema kujiuzulu ni uungwana. Tumewekeana soda, utuamue.*
*Mwenye Kofia Nyekundu, Mwanza*

Marahaba. Soda utakunywa wewe, lakini nusu chupa.

Mfano wenu uko hapo hapo nyumbani. Mwaka 1976, Mwanza na kwa majirani zenu Shinyanga, ilifanyika operesheni ya kuwasaka watu waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watu walikamatwa, wakateswa, na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, hakuwapo kwenye mahabusu zile. Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake.

Mwenzako atasema: basi alikimbia. Haya, mwambie ahesabu. Akapelekwa ubalozi Misri, akakaa huko miaka kadhaa. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, mwaka uliofuata akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano, akakaa vipindi viwili mpaka 1995. Alipofariki Februari 2024, akiwa na miaka 98, wazee wengi walipomtaja hawakuanza na "Mzee Ruksa", walianza na ule mwaka wa 1977. Mtu aliyekimbia haitwi tena kupewa nyumba nzima.

Nusu chupa nyingine ni ya mwenzako, kwa sababu si kila anayeondoka ni muungwana. Yupo anayejiuzulu baada ya kuona mkaguzi anapaki gari. Katika kazi yangu nilipokea barua kama tatu za namna hiyo, zote zimeandikwa kwa mwandiko mzuri sana, "kutokana na sababu za kiafya". Afya ilirudi hesabu zilipofungwa. Tofauti yake si ngumu kuiona: muungwana anaondoka na kuacha daftari mezani, yule mwingine anaondoka na daftari.

Na kuna kuondoka kwa namna ya tatu, ambako vijana wengi hawakujui. Nchi imepata uhuru Desemba 9, 1961. Januari 1962, wiki sita tu, Mwalimu Nyerere akaacha uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika, Mwalimu akaenda mikoani kukijenga chama. Hakukuwa na kashfa, hakukuwa na aliyemfukuza. Mpaka leo nikifikiria hilo naona gumu. Umepigania kiti miaka yote ile, umekikalia siku arobaini na kitu, unampa mwenzako.

Lakini nisimpambe Mwalimu kupita kiasi, maana nina kisa naye. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Marangu, mwanachama wa chama cha msingi chini ya KNCU, ule muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri ya serikali, kahawa ikawa ya mamlaka ya zao. Nilikuwa na miaka 22. Namkumbuka baba amekaa kwenye kigoda mlangoni, ameshika kile kitabu chake cha uanachama, anakifungua na kukifunga. Hakusema kitu. Alikiweka kwenye sanduku la nguo pamoja na cheti cha ubatizo.

Baadaye Mwalimu alikiri waziwazi kwamba kufuta vyama vya ushirika, na kufuta serikali za mitaa kabla ya hapo, yalikuwa makosa. Nilimsomea baba gazetini. Akaniuliza, "Amesema yeye mwenyewe, au wamesema kwa niaba yake?" Nikamwambia amesema mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ni mtu." Kisha akasema mizani ya chama imeshika kutu na nani atainunua nyingine. Yote mawili yalikuwa kweli, na mimi sijaweza kuchagua moja.

Mpe mwenzako nusu yake.

*

*Mama, salamu kutoka mkoa wa Tanga. Mwenyekiti wetu wa kijiji ni mtu mwema sana. Msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza, harusi anachangia, wagonjwa anawapa nauli. Lakini ni zaidi ya mwaka hatujasomewa mapato na matumizi, na kijiji kina ushuru wa mchanga unaopakiwa kila siku. Sisi vijana tukiuliza, wazee wanasema tusimwaibishe mtu mwenye moyo. Je, mtu mwema si ndiye kiongozi bora?*
*Vijana Watatu*

Wanangu, wema ni sifa, siubishi. Ila kwanza tujue unatoka mfuko upi. Malori ya mchanga yanapita kila siku na daftari halionekani, nawaza kwa sauti tu, huenda baadhi ya nauli za wagonjwa mmezitoa nyinyi bila kujua. Huenda sivyo. Inawezekana kabisa mzee wenu hajala hata senti na ni mvivu tu wa kalamu, nimekutana na wengi. Lakini hata yeye mwenyewe hawezi kuthibitisha usafi wake bila karatasi, na siku akiondoka madarakani wema wote huo utageuzwa wizi midomoni mwa watu. Kumwomba asome hesabu ni kumsitiri.

Sheria iko upande wenu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitwe angalau kila miezi mitatu, na ni wa kila mkazi mwenye umri wa kuanzia miaka 18, si wa wazee peke yao. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Msianze na kelele. Mwendeeni mtendaji wa kijiji, ndiye katibu, mwombeni kwa barua tarehe ya mkutano, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi, nakala iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Diwani mpeni taarifa, lakini msimpe kesi aifanye mtaji wake wa kura.

Kisha chagueni mzee mmoja katika hao wanaowakemea, yule anayeheshimika zaidi, mwende kwake jioni, msiende mikono mitupu, na mmwombe awe yeye wa kuuliza swali mkutanoni. Swali lenyewe liwe fupi: "Mwenyekiti, tangu mwezi fulani malori mangapi yamelipa, na fedha ziko wapi?" Likiulizwa na mzee mwenzake, hakuna kuaibishana hapo. Mtazameni mwenyekiti anavyolipokea. Akisema "nipeni wiki mbili nilete daftari", mpeni hizo wiki kwa moyo mweupe. Akianza kuhesabu misiba aliyozika, mmeshapata jibu.

*

*Shikamoo Bibi. Niko kidato cha tano, shule ya bweni, na nimechaguliwa dada mkuu. Tangu hapo marafiki zangu wamenitenga, wananiita mnoko. Walimu nao wanataka niwape majina ya wanaovunja sheria. Nifanye nini niwe kiongozi anayependwa?*
*Dada Mkuu*

Marahaba mjukuu wangu. Kupendwa kuache kwanza, kutakuja kwenyewe au hakutakuja. Majina ya wanaochelewa namba usipeleke kimyakimya, waambie usiku huo huo bwenini kwamba kesho nitaandika, na kesho uandike, na ukichelewa wewe jina lako liwe la kwanza kwenye karatasi. Mwenye kuumwa, mwenye kuonewa au mwenye kupigwa, hilo peleka kwa matroni mara moja bila kumwogopa mtu.

Halafu kuna foleni ya chakula. Nimesoma bweni, najua viranja wanapita pembeni wanachotewa maharage ya juu yenye mchuzi mzito. Wewe usipite pembeni. Tena katika zamu yako ya usimamizi chukua sahani yako mwisho kabisa, wote wakishapata, na ukae meza ile ile ya marafiki zako waliokutenga, hata wakihama. Fanya hivyo wiki mbili, kisha niandikie unieleze maharage ya chini yalikuwaje, na nani alibaki mezani.